Somo la Marudio: Huduma za Afya ya Mama na Mtoto Tanzania Bara, Kutoka Ukoloni Hadi Sasa

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili, mwanafunzi utaweza:

(a) kueleza jinsi jamii zetu zilivyowatunza wajawazito, wazazi na watoto kabla ya ukoloni;
(b) kueleza malengo na upungufu wa huduma za mama na mtoto wakati wa utawala wa Wajerumani na Waingereza;
(c) kuchambua hatua zilizochukuliwa baada ya uhuru, hasa kati ya mwaka 1967 na 1990;
(d) kusoma takwimu za vifo na kueleza kwa nini vifo vya watoto vilipungua mapema kuliko vifo vya akina mama.

Utangulizi

Huduma za jamii ni mada ambayo watahiniwa wengi huiona rahisi. Kwa sababu hiyo huishia kuandika orodha: hospitali hii ilijengwa mwaka huu, kampeni ile ilifanyika mwaka ule. Orodha peke yake haijibu swali linaloanza na "kwa nini" au "chambua". Ili ujibu vizuri, shika hoja moja inayounganisha vipindi vyote.

Hoja ya somo hili ni hii: mtoto na mama hawaokolewi kwa njia moja. Mtoto huokolewa zaidi na huduma ndogo zinazorudiwa mara kwa mara karibu na nyumbani, kama vile kupimwa uzito, kuchanjwa na kulishwa vizuri. Mama anayejifungua kwa shida huokolewa na huduma kubwa inayopatikana kwa haraka, hata kama ni saa nane za usiku. Tanzania ilifanikiwa mapema katika huduma ya kwanza. Ya pili ilichukua muda mrefu zaidi, na bado inaendelea kujengwa.

Dhana muhimu

*Mzazi*: katika mada hii ni mwanamke aliyejifungua karibuni, siyo baba au mama kwa ujumla.

*Vifo vya watoto wa chini ya mwaka mmoja*: idadi ya watoto wanaofariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja, kwa kila vizazi hai 1,000.

*Vifo vitokanavyo na uzazi*: vifo vya wanawake wakati wa ujauzito, wakati wa kujifungua au ndani ya siku 42 baada ya ujauzito kumalizika, kwa sababu zinazohusiana na ujauzito huo. Huhesabiwa kwa kila vizazi hai 100,000.

Zingatia tofauti ya 1,000 na 100,000. Ukizichanganya, uchambuzi wako wote wa takwimu utaharibika.

1. Kabla ya ukoloni

Jamii za Tanganyika zilikuwa na utaratibu wao wa kumtunza mama na mtoto. Mhusika mkuu alikuwa mkunga wa jadi, mara nyingi mwanamke mtu mzima aliyejifunza kazi hiyo kwa mama au bibi yake. Alimsaidia mjamzito kujifungua, akamkanda, akamwelekeza namna ya kunyonyesha. Katika jamii za pwani, mzazi alikaa ndani siku 40 akipikiwa na kuhudumiwa na ndugu zake. Maana yake ni kwamba alipumzishwa kazi za shamba na za kuteka maji wakati mwili wake ulipokuwa dhaifu.

Jamii nyingi pia zilipanga uzazi kwa njia ya desturi. Mama alinyonyesha kwa muda mrefu, mara nyingi miaka miwili au zaidi. Aliyepata mimba nyingine kabla ya kumwachisha mtoto ziwa alionekana kuwa amekiuka mwiko, na ilisemwa kwamba mtoto "amebemendwa". Maelezo ya imani hiyo si ya kitabibu, lakini mwiko wenyewe ulikuwa na faida: ulimpa mtoto maziwa ya mama kwa muda wa kutosha na ulimpa mama nafasi ya kupata nguvu.

Utaratibu huo ulikuwa na mipaka yake. Mkunga wa jadi hakuwa na namna ya kuzuia damu nyingi iliyotoka baada ya kujifungua, wala ya kumsaidia mwanamke mwenye uchungu pingamizi, yaani mtoto anaposhindwa kupita njiani. Kitovu kilichokatwa kwa kifaa kisicho safi kiliweza kumletea mtoto mchanga pepopunda. Katika jibu lako epuka kuandika kwamba kila kitu cha jadi kilikuwa kibaya, au kwamba kila kitu kilikuwa kizuri. Taja uwezo na mipaka yake.

2. Wakati wa utawala wa Wajerumani

Serikali ya Wajerumani iliweka mbele afya ya wazungu na askari. Hospitali ya Ocean Road, iliyojengwa Dar es Salaam mwaka 1897, ilikuwa ya wazungu. Waafrika na Waasia walitibiwa katika hospitali iliyojengwa kwa mchango wa mfanyabiashara wa Kihindi, Sewa Haji Paroo. Jina lake bado linatumika kwa jengo la wodi katika Hospitali ya Taifa Muhimbili.

Hakukuwa na mpango wa serikali wa kuwahudumia akina mama na watoto wa vijijini. Kazi kubwa ilikuwa kuzuia magonjwa ya mlipuko, hasa ndui, kwa sababu yalitishia biashara, jeshi na mashamba. Kwa upande mwingine, jinsi wakoloni walivyozima Vita vya Maji Maji (1905–1907) kulidhuru sana afya ya mama na mtoto. Mashamba na maghala ya chakula yalichomwa, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Wanawake na watoto walikuwa miongoni mwa walioathirika zaidi.

3. Wakati wa utawala wa Waingereza

Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walikuta nchi iliyochoshwa na vita, njaa na magonjwa. Katika miaka ya 1920 maofisa wengi waliona kwamba idadi ya watu haikutosheleza mahitaji ya nguvukazi katika mashamba ya mkonge, migodi na reli. Hapo ndipo maisha ya mtoto wa Kiafrika yalipoanza kujadiliwa serikalini. Shabaha kubwa ilikuwa kupata wafanyakazi na walipa kodi wa kesho.

*Njia zilizotumika*

(a) *Zahanati za serikali za wenyeji.* Kuanzia mwaka 1926, chini ya Mkurugenzi wa Huduma za Tiba, Dkt. J. O. Shircore, zahanati ndogo zilianzishwa vijijini. Zilihudumiwa na Waafrika waliopewa mafunzo mafupi, walioitwa dresa, na ziligharimiwa na hazina za serikali za wenyeji, yaani kodi za wananchi wenyewe. Ziliwatibu watu wengi, hasa vidonda na ugonjwa wa buba, lakini dresa alikuwa mwanamume na hakufundishwa ukunga. Kwa hiyo zahanati ilikuwa karibu na mama bila kuwa na huduma aliyoihitaji.

(b) *Misheni.* Mzigo mkubwa wa kliniki za wajawazito, wodi za wazazi na mafunzo ya wakunga wa Kiafrika ulibebwa na misheni, wakati mwingine kwa ruzuku ya serikali. Mifano ni Machame (Walutheri), Mvumi (Waanglikana wa CMS), Ndanda (Wabenedikto), na Lulindi karibu na Masasi (Waanglikana wa UMCA). Daktari Leader Stirling alifika Lulindi mwaka 1935, akafanya upasuaji katika majengo duni na kuwafundisha wauguzi wa Kiafrika. Baada ya uhuru alichukua uraia wa Tanzania, na kuanzia mwaka 1975 hadi 1980 alikuwa Waziri wa Afya.

(c) *Hospitali za miji.* Hospitali zilitengwa kwa rangi. Hospitali ya Princess Margaret, ambayo leo ni Muhimbili, ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1956, miaka mitano tu kabla ya uhuru.

*Upungufu wa huduma za wakati huo*

Kwanza, huduma zilifuata misheni na mji, siyo mahitaji. Mama aliyeishi mbali na misheni hakuwa na pa kwenda. Pili, misheni zilitoa huduma pamoja na mafundisho ya dini, hivyo baadhi ya watu walisita kwenda. Tatu, serikali ilizoea kulaumu "ujinga wa akina mama" kwa vifo vya watoto, ikafumbia macho sababu zilizotokana na sera zake yenyewe.

Sababu hizo ni muhimu kwa mtahiniwa. Kodi ya kichwa iliwalazimisha wanaume kuondoka kwenda kufanya kazi ya manamba katika mashamba ya mkonge, kwa mfano mkoani Tanga. Mke aliyebaki nyumbani alibeba kazi zote za shamba. Alilima akiwa mjamzito, akarudi shambani mapema baada ya kujifungua, na mtoto akaachwa kwa dada mdogo akila mara mbili kwa siku. Mama huyo alikuwa na upungufu wa muda, chakula na msaada. Somo la kliniki kuhusu lishe bora halikuweza kumpa hata kimoja kati ya hivyo.

4. Hali wakati wa uhuru

Mwaka 1961 serikali mpya ilitangaza vita dhidi ya maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Uwezo wa kupigana vita hiyo ulikuwa mdogo. Mwalimu Nyerere alikuwa akikumbusha kwamba Waingereza waliacha nchi ikiwa na madaktari wazalendo 12 na wahandisi wawili. Vituo vya afya vya vijijini vilikuwa 22 tu kwa nchi nzima.

Hatua za mwanzo zilikuwa za kujenga msingi:

(a) Chuo cha Udaktari cha Dar es Salaam kilianzishwa mwaka 1963.
(b) Ripoti ya tume iliyoongozwa na Richard Titmuss (1964) ilishauri nguvu zielekezwe kwenye vituo vya afya vijijini badala ya hospitali kubwa za mijini.
(c) Chama cha uzazi wa mpango kilichoanzishwa mwaka 1959, ambacho baadaye kilijulikana kama UMATI, kiliendelea kutoa huduma, hasa mijini.

Hata hivyo, katika miaka hiyo fedha nyingi za afya ziliendelea kumezwa na hospitali za mijini, huku wananchi wengi wakiishi vijijini.

5. Mageuzi makubwa, 1967–1980

Azimio la Arusha la tarehe 5 Februari 1967 lilibadili swali. Badala ya kuuliza "tujenge hospitali gani?", viongozi waliulizwa "mwananchi wa kijijini atapata nini?" Mwanzoni mwa miaka ya 1970 uamuzi wa TANU ukafuata: ujenzi wa hospitali kubwa upunguzwe, na zahanati na vituo vya afya vijijini vipewe kipaumbele. Kufikia mwaka 1980 vituo vya afya vilizidi 200, na sehemu kubwa ya wananchi wa vijijini walikuwa wakiishi ndani ya kilomita 10 kutoka kwenye kituo cha huduma.

Mambo manne ya kipindi hiki yanahusu moja kwa moja mama na mtoto.

(a) *Kampeni ya Mtu ni Afya (1973).* Takriban watu milioni 2 walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio, kusoma vijitabu na kujadili malaria, kuhara, minyoo, kichocho na maji safi. Baada ya mjadala walifanya kazi: walichimba vyoo, walifyeka majani, walisafisha visima. Kuhara ni miongoni mwa magonjwa yanayoua watoto wadogo, hivyo choo kilichochimbwa kilikuwa pia huduma ya mtoto. Kampeni ya Chakula ni Uhai ilifuata mwaka 1975.

(b) *Taasisi ya Chakula na Lishe (1973).* Serikali ilipata chombo cha kitaifa cha kuchunguza utapiamlo na kushauri namna ya kuupunguza.

(c) *Mpango wa huduma za mama na mtoto (1974).* Huduma za wajawazito, za watoto wa chini ya miaka mitano na uzazi wa mpango ziliunganishwa na kutolewa katika mtandao wa serikali. Vyuo vya mikoani vilifundisha wasaidizi wa huduma za mama na mtoto, wengi wao wasichana waliomaliza elimu ya msingi, ambao walirudi kufanya kazi vijijini. Linganisha na dresa wa mwaka 1926: sasa aliyekuwa zahanati alifundishwa hasa kumhudumia mama.

(d) *Mpango wa Taifa wa Chanjo (1975).* Ulilenga magonjwa sita: kifua kikuu, dondakoo, kifaduro, pepopunda, polio na surua. Wajawazito walichanjwa pepopunda ili kinga yao imlinde pia mtoto atakayezaliwa.

Mwaka 1978 mkutano wa kimataifa wa Alma-Ata ulitangaza huduma ya afya ya msingi kuwa njia ya kuzifikia jamii zote. Wakati huo Tanzania ilikuwa tayari inaifuata.

*Upande wa pili.* Mtahiniwa mzuri hutaja pia kasoro. Operesheni Vijiji (1973–1976) ilisogeza watu karibu na zahanati, lakini baadhi walihamishwa kwa nguvu, wakaacha mashamba na nyumba zao. Aidha, zahanati ziliongezeka haraka kuliko uwezo wa nchi wa kuzipatia dawa, vifaa na wafanyakazi wa kutosha.

6. Mfano wa kuchambua: mradi wa lishe Iringa

Mfano huu unafaa katika maswali mengi, hivyo ujifunze vizuri.

Katika miaka ya 1980 serikali, kwa msaada wa UNICEF na WHO, iliendesha mpango wa lishe katika vijiji 168 vya mkoa wa Iringa. Kila baada ya miezi mitatu watoto walipimwa uzito kijijini. Alama iliwekwa kwenye kadi ya mtoto. Mstari ukipanda ndani ya eneo la kijani, mtoto anakua. Ukilala au ukishuka kuelekea jekundu, kuna tatizo, hata kama mtoto bado anacheza na haonekani mgonjwa. Hiyo ndiyo faida ya kadi: huonya mapema, kabla macho hayajaona.

Jambo jipya lilikuwa hatua iliyofuata. Matokeo ya kijiji kizima yalijadiliwa na kamati ya kijiji. Watoto wangapi wako kwenye jekundu? Kwa nini? Mara nyingi jibu halikuwa kwamba nyumba haina chakula kabisa. Mama alikuwa shambani kutwa, na mtoto alilishwa mara chache mno. Uji wa kawaida nao ni mwepesi: tumbo dogo linajaa kabla mwili haujapata nguvu ya kutosha.

Kijiji kilitafuta suluhisho lililolingana na sababu: vituo vya kulelea watoto wakati wa kazi za shamba, kuongeza idadi ya milo, na matumizi ya kimea, yaani unga wa nafaka iliyooteshwa, ili kuulainisha uji mzito bila kuuongezea maji. Kati ya mwaka 1984 na 1988 utapiamlo mkali katika vijiji vya mpango ulishuka kutoka asilimia 6.3 hadi asilimia 1.8.

Linganisha sasa na kliniki ya kikoloni. Zote mbili zilimpima mtoto. Kliniki ya kikoloni ilimlaumu mama mmoja mmoja, ilhali kijiji cha Iringa kiliuliza kazi ya mama imepangwaje na nani amsaidie. Mkikaa katika kikundi cha kujisomea, jadilini tofauti hiyo, kwa sababu ndiyo inayotenganisha jibu la maelezo na jibu la uchambuzi.

7. Misukosuko na juhudi mpya, 1980 hadi sasa

Vita vya Kagera (1978–1979), kupanda kwa bei ya mafuta na kushuka kwa bei ya mazao ya biashara kulidhoofisha uchumi. Dawa zilikosekana vijijini. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980, mpango wa dawa muhimu uliofadhiliwa na wahisani ulipeleka makasha ya dawa hadi kwenye zahanati, na huduma za chanjo ziliendelea kupanuka.

Mwaka 1993 serikali ilianza kuwachangisha wananchi gharama za matibabu. Wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano walisamehewa. Kwa vitendo, msamaha huo haukusaidia sana pale zahanati ilipokosa dawa au glavu, kwa sababu familia ilitumwa kununua dukani. Katika miaka hiyo hiyo UKIMWI uliongeza vifo vya watoto, mpaka huduma za kuzuia maambukizi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto zilipoanza kuenea miaka ya 2000.

Wakati huo huo dunia ilianza kuona jambo lililosahauliwa. Mwezi Februari 1987 mkutano uliofanyika Nairobi, Kenya, ulianzisha juhudi za kimataifa za uzazi salama. Ilidhihirika kwamba miradi mingi iliyoitwa ya "mama na mtoto" ilikuwa, kwa sehemu kubwa, ya mtoto.

Mpango wa Maendeleo wa Afya ya Msingi (2007–2017) ulilenga zahanati kwa kila kijiji na kituo cha afya kwa kila kata. Vituo vingi vya afya viliwekewa vyumba vya upasuaji. Mwaka 2022 mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, uitwao m-mama, ulizinduliwa kitaifa.

8. Kusoma takwimu

Soma jedwali hili kwa makini. Takwimu zinatokana na tafiti za kitaifa za afya.

| Mwaka wa utafiti | Vifo vya watoto chini ya mwaka 1 (kwa vizazi hai 1,000) | Vifo vitokanavyo na uzazi (kwa vizazi hai 100,000) |
|---|---|---|
| 1996 | 88 | 529 |
| 2004–05 | 68 | 578 |
| 2010 | 51 | 454 |
| 2015–16 | 43 | 556 |
| 2022 | 33 | 104 |

Kwa safari ndefu zaidi, sensa ya mwaka 1978 ilikadiria vifo vya watoto chini ya mwaka mmoja kuwa 137, na sensa ya 1988 ilikadiria 115.

Tunaona nini? Safu ya watoto inashuka hatua kwa hatua bila kurudi nyuma. Safu ya akina mama inapanda na kushuka kwa miaka 20, kisha inashuka sana mwaka 2022.

Tahadhari moja: vifo vya uzazi ni vichache kuliko vya watoto, kwa hiyo makadirio yake huweza kuyumba sana kutoka utafiti mmoja hadi mwingine. Usijenge hoja juu ya tofauti ya miaka miwili mitatu. Jenga hoja juu ya mwelekeo wa muda mrefu.

9. Kwa nini watoto walitangulia?

Hatua nyingi zinazomwokoa mtoto hupangwa. Chanjo ina tarehe. Kupima uzito kuna siku yake. Mfanyakazi mwenye mafunzo ya wastani anaweza kutoa huduma hizo asubuhi kwa watoto wengi, kwa kifaa rahisi na gharama ndogo. Mtandao wa zahanati uliojengwa baada ya Azimio la Arusha uliifaa kazi hiyo.

Hatari ya mama haina tarehe. Mjamzito aliyehudhuria kliniki vizuri, akapimwa kila mwezi na kuonekana hana tatizo, anaweza kutokwa na damu nyingi ghafla baada ya kujifungua na kufariki ndani ya saa chache. Sababu kubwa za vifo hivi ni kutokwa damu, kifafa cha mimba, maambukizi na uchungu pingamizi. Kuzikabili kunahitaji damu ya kuongezewa, dawa maalumu, upasuaji na mtu mwenye ujuzi aliye kazini usiku.

Wataalamu hueleza tatizo hili kwa ucheleweshaji wa aina tatu:

(a) *Kuchelewa kuamua nyumbani.* Dalili za hatari hazitambuliwi, au mke husubiri ruhusa ya mume, au fedha inatafutwa kwanza.
(b) *Kuchelewa kufika.* Barabara ni mbovu, gari hakuna, mto umejaa.
(c) *Kuchelewa kuhudumiwa.* Amefika, lakini hakuna damu, mtaalamu au umeme.

Zahanati iliyo karibu hupunguza sehemu ya ucheleweshaji wa pili tu. Ndiyo maana ujenzi wa zahanati, ingawa ulikuwa wa lazima, haukutosha kumwokoa mama. Ilibidi uongezwe upasuaji katika ngazi ya kituo cha afya, usafiri wa dharura na elimu kwa familia, akina baba wakiwemo.

10. Maadili tunayojifunza

(a) *Usawa*: kutenga huduma kwa rangi au kwa mji kuligharimu maisha.
(b) *Kujitegemea na ushirikiano*: Mtu ni Afya na Iringa zilifanikiwa kwa sababu wananchi walijadili na kutenda wenyewe.
(c) *Uwajibikaji*: malezi na uzazi salama ni kazi ya baba, ndugu, kijiji na serikali, siyo ya mama peke yake.

Makosa ya kuepuka katika mtihani

1. Kuandika kwamba wakoloni "hawakuleta huduma yoyote". Andika kwamba huduma zilikuwepo, lakini zilikuwa chache, za kibaguzi na zenye malengo yao.
2. Kuchanganya Mtu ni Afya (1973) na Chakula ni Uhai (1975).
3. Kusifu miaka ya ujamaa bila kutaja kasoro, au kuilaani bila kutaja mafanikio.
4. Kutaja takwimu bila kipimo chake.

Maswali ya marudio

1. Eleza faida tatu na mipaka miwili ya matunzo ya mama na mtoto katika jamii za kabla ya ukoloni.
2. "Huduma za mama na mtoto wakati wa Waingereza zilikusudiwa kupata nguvukazi." Jadili.
3. Linganisha kazi ya dresa wa miaka ya 1920 na ile ya msaidizi wa huduma za mama na mtoto wa miaka ya 1970.
4. Kwa kutumia jedwali, eleza kwa nini vifo vya watoto vilipungua mapema kuliko vifo vya akina mama.

Dondoo za majibu

*Swali la 2.* Kubali kwa kiasi. Upande wa kwanza: hofu ya upungufu wa watu, mahitaji ya mkonge na migodi, kodi. Upande wa pili: misheni zilikuwa na malengo ya dini na huruma, na watumishi wa Kiafrika waliofundishwa waliwahudumia ndugu zao kwa nia yao wenyewe. Hitimisho: lengo la serikali lilikuwa nguvukazi, lakini waliotoa huduma hawakuwa na lengo moja.

*Swali la 3.* Kufanana: wote walikuwa na mafunzo mafupi, walifanya kazi vijijini, walikuwa karibu na wananchi. Kutofautiana: jinsia, ujuzi wa ukunga, chanzo cha fedha, shabaha ya kazi. Usisahau kueleza maana ya tofauti hizo kwa mama mwenyewe.

*Swali la 4.* Mfano wa aya ya utangulizi: "Kati ya mwaka 1996 na 2015–16, vifo vya watoto wa chini ya mwaka mmoja vilishuka kutoka 88 hadi 43 kwa kila vizazi hai 1,000, ilhali vifo vitokanavyo na uzazi vilikuwa 529 na 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Tofauti hii inaonesha kwamba mtandao wa zahanati uliweza kutoa huduma za kinga kwa mtoto, lakini haukuwa na uwezo wa kutosha wa kumhudumia mama wakati wa dharura." Baada ya aya hiyo, eleza huduma zinazopangwa na zisizopangwa, kisha ucheleweshaji wa aina tatu, na umalizie kwa hatua zilizochukuliwa tangu mwaka 2007.

Ukimaliza, funga kitabu na ujaribu kuandika jibu la swali la 4 kwa dakika 40. Kisha lipime: je, kila tarehe uliyoitaja imesaidia kujibu "kwa nini"? Isiyosaidia, ifute.